Taa Tatu Nyekundu: Historia ya Maradhi ya Xbox 360 na Dhamana Iliyogharimu Zaidi ya Dola Bilioni Moja

Tarehe 5 Julai 2007, kampuni ya Microsoft, yenye makao yake makuu Redmond katika jimbo la Washington nchini Marekani, ilitoa tangazo la aina ambayo ni nadra kutoka vinywani mwa wenye viwanda vikubwa. Ilikiri mbele ya kadamnasi kwamba mashine yake ya michezo ya video, Xbox 360, ilikuwa inaharibika kwa wingi usiokubalika. Ikaongeza muda wa dhamana hadi miaka mitatu tangu siku ya ununuzi kwa kila mashine iliyopatwa na maradhi hayo. Ikaahidi kuwarudishia fedha zao wale waliokwisha kulipia matengenezo. Na ikatenga kwa shughuli hiyo kiasi cha baina ya dola bilioni 1.05 na dola bilioni 1.15. Fedha hizo hazikuwa za kujengea kiwanda kipya wala za kununulia kampuni nyingine, bali zilikuwa za kutengeneza vitu ambavyo vilikwisha kuuzwa, vikalipiwa, na kuwekwa katika sebule za watu.

Katika historia ya vyombo vya michezo hakuna kadhia inayoonyesha kwa uwazi zaidi thamani ya kile kijikaratasi cha dhamana ambacho aghalabu mnunuzi hukitupa pamoja na boksi. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu karatasi hiyo ilikuwa ngao ya muuzaji, kisha kwa tangazo la siku moja ikageuka kuwa ngao ya mnunuzi. Jinsi mageuzi hayo yalivyotokea, na sababu zilizoyaleta, ndiyo maudhui ya makala haya.

Xbox ya kwanza ilitoka mwaka 2001, wakati Sony ya Japani ilipokuwa imekwisha kulitawala soko kwa PlayStation 2 yake, na Microsoft, iliyojulikana zaidi kwa programu za kompyuta kuliko kwa vyombo vya kushikika, ilipata heshima katika uwanja huo kwa gharama ya hasara ya mabilioni ya dola. Wakuu wake walikata shauri kwamba mara ya pili hawatamfuata mshindani nyuma, bali watamtangulia. Ndipo Xbox 360 ilipofikishwa madukani Amerika ya Kaskazini tarehe 22 Novemba 2005, Ulaya tarehe 2 Desemba, na Japani tarehe 10 Desemba, takriban mwaka mmoja kabla ya PlayStation 3 ya Sony kuonekana. Iliuzwa kwa dola 399 ikiwa na diski ya kuhifadhia, au dola 299 bila ya diski hiyo, na iliundwa katika viwanda vya China vya makampuni ya Flextronics na Wistron. Kuzindua mashine katika mabara matatu ndani ya majuma matatu lilikuwa jambo la fahari. Lakini wakati uliotumika kushindana na kalenda haukubaki kwa ajili ya kuijaribu mashine yenyewe. Mwandishi wa habari Dean Takahashi, aliyekwisha kuandika vitabu juu ya kuzaliwa kwa mashine hizi, alichapisha mwaka 2008 uchunguzi mrefu ulioonyesha kwamba hadhari zilitolewa na watu wa ndani kabla ya uzinduzi, na kwamba uzinduzi uliendelea licha ya hadhari hizo.

Mbele ya mashine, kukizunguka kitufe cha kuwashia, palitiwa duara la taa lililogawanyika pande nne. Taa hizo zikiwa za kijani, mambo ni shwari, na kila upande uliowaka ulimwonyesha mchezaji padi yake ni ya ngapi. Zikigeuka nyekundu, duara lile lile lilikuwa lugha ya ugonjwa. Taa moja nyekundu iliarifu kwamba kiungo fulani kimeharibika, na namba ya kosa huandikwa kwenye kioo cha televisheni. Taa mbili ziliarifu kwamba joto limepita kiasi. Taa zote nne ziliarifu tu kwamba waya wa kwenda kwenye televisheni haukuchomekwa sawasawa. Lakini taa tatu zikiwaka na kuzima, zikiwaka na kuzima, maana yake ilikuwa hitilafu ya jumla ya chombo, yaani mashine imekufa na haisemi imekufa kwa kitu gani. Wachezaji wa Marekani na Uingereza waliziita taa hizo duara jekundu la mauti, jina ambalo Microsoft haikulichagua wala haikuweza kulifuta.

Maradhi hayo hayakungoja. Tangu miezi ya mwanzo wanunuzi walianza kulalamika, na kadiri mashine zilivyozidi kuuzwa ndivyo malalamiko yalivyozidi kuongezeka, ilhali jibu la kampuni lilibaki lile lile kwa muda mrefu: kwamba kiwango cha kuharibika hakizidi kile cha kawaida katika vyombo vya umeme, yaani baina ya asilimia tatu na tano. Dhamana ya mwanzo nchini Marekani ilikuwa siku 90 tu. Mtu aliyenunua mashine kwa ajili ya sikukuu ya Krismasi, ikafa mwezi wa Mei, aliambiwa muda umekwisha, na alitakiwa alipe takriban dola 140 ili itengenezwe, kiasi kinachozidi theluthi moja ya bei ya mashine nzima. Waliolipa na kurudishiwa mashine, miongoni mwao wamo walioona taa tatu zikiwaka tena, kwa sababu kilichorekebishwa ni mashine, na ila iliyokuwamo katika muundo wake ilibaki pale pale. Mwishoni mwa Desemba 2006 kampuni ikaongeza dhamana ya Marekani kuwa mwaka mmoja, ikalingana na ile waliyokuwa nayo wanunuzi wa Ulaya tangu awali, na ikawarudishia fedha waliolipia matengenezo ndani ya muda huo. Hata hivyo, haikukiri kwamba palikuwapo dosari yoyote ya jumla.

Maadamu mlango wa dhamana ulikuwa umefungwa kwa wengi, watu walijitafutia tiba wenyewe, na baadhi ya tiba hizo zilikuwa za ajabu. Mashuhuri kuliko zote ilikuwa ya kuifunika mashine kwa mataulo ikiwa inawaka, hata feni zake zikakosa hewa na joto la ndani likapanda kupita kiasi. Kisha huzimwa, huachwa ipoe, na ikiwashwa tena huenda ikafanya kazi kwa siku kadhaa, na pengine kwa majuma. Waliokuwa hodari zaidi waliifungua mashine, wakaondoa vibanio vyenye umbo la herufi X vilivyoshikilia mabamba ya kupozea, wakatia skrubu na nati mahali pake ili mgandamizo uwe sawa pande zote. Wengine walipuliza hewa ya moto juu ya chipu kwa kifaa cha mafundi. Tiba hizi zilikuwa na mantiki fulani, kama itakavyoonekana, ila zilikuwa na madhara mawili: hazikudumu, na mwenye kuifungua mashine alivunja kibandiko cha muhuri na kupoteza haki yake yote ya dhamana. Hivyo mnunuzi alibanwa baina ya kampuni isiyokiri kosa na sharti linalomkataza kujisaidia.

Sasa tuyatazame maradhi yenyewe. Ndani ya Xbox 360 mlikuwa na chipu mbili kubwa. Moja, iliyotoka IBM, ilifanya hesabu za jumla. Ya pili, iliyobuniwa na ATI, ilichora picha zote zinazoonekana kwenye kioo, na ilitoa joto kubwa mno. Wabunifu walitaka mashine iwe nyembamba na yenye sura ya kupendeza, na kwa ajili hiyo kisomeo cha diski kiliwekwa juu kabisa ya chipu ile ya picha, nafasi iliyobaki ikawa finyu, na bamba la kufyonza joto la chipu hiyo likalazimika kuwa fupi kuliko la jirani yake. Kwa hiyo chipu iliyohitaji kupozwa zaidi ndiyo iliyopata nafasi ndogo zaidi ya kupumua.

Fauka ya hayo kulikuwa na suala la lehemu. Umoja wa Ulaya ulikuwa umepitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006, kukataza matumizi ya risasi katika vyombo vya umeme kwa ajili ya afya ya watu na mazingira, na viwanda vyote vilivyotaka kuuza Ulaya vilikuwa vinahama kutoka lehemu ya kale ya bati na risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183 za sentigredi, kwenda kwenye lehemu mpya isiyo na risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi na ambayo ni ngumu zaidi na haikubali kupindwapindwa kama ile ya zamani. Elimu ya kuitumia lehemu hiyo katika chipu zenye joto kali ilikuwa bado changa. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba kisa chote ni hicho, kwamba vitone vya lehemu vinavyoishikiza chipu kwenye bodi vilikuwa vinaachia.

Ukweli ulio kamili zaidi ulisemwa mwaka 2021, katika filamu ya historia ambayo Microsoft yenyewe ilitoa kuadhimisha miaka 20 ya Xbox. Todd Holmdahl, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa uhandisi wa mashine hiyo, alieleza kwamba viunganishi vilivyokuwa vinakatika vilikuwa ndani ya chipu ya picha yenyewe, pale kipande cha silikoni kinapoungana na sahani iliyokibeba. Kila kitu kikipata moto hutanuka, na kikipoa husinyaa. Lakini silikoni, sahani na bodi havitanuki kwa kiasi kimoja. Kila mara mchezaji alipoiwasha mashine, joto lilipanda ghafla na viunganishi vikavutwa upande mmoja. Kila alipoizima, vikavutwa upande wa pili. Kilichoiua mashine, basi, hakikuwa joto la kudumu peke yake, bali ni kule kupanda na kushuka kwake, leo, kesho na kesho kutwa, mpaka kiunganishi kimoja kikapasuka. Hapa ndipo mtu anapofahamu siri ya mataulo: joto kubwa liliusukuma ufa ule ukagusana kwa muda, na baada ya mizunguko michache ya kuwasha na kuzima ukaachana tena. Tena hii ndiyo sababu majaribio ya kiwandani, ambamo mashine huweza kuachwa inawaka kwa saa nyingi mfululizo, hayakuwa na uwezo wa kuyaona maradhi ambayo yalizaliwa kutokana na matumizi ya kawaida ya nyumbani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kufikia katikati ya mwaka 2007 Microsoft ilikuwa imeumbuka. Mashine zipatazo milioni 11.6 zilikwisha kupelekwa madukani, PlayStation 3 na Wii ya Nintendo zilikuwa zimeingia sokoni, na kila mashine iliyokufa sebuleni ilikuwa tangazo la bure kwa washindani. Peter Moore, aliyeongoza biashara ya Xbox wakati huo, alisimulia katika mahojiano ya miaka ya baadaye jinsi yeye na mkuu wake, Robbie Bach, walivyokwenda kwa Steve Ballmer, mtendaji mkuu wa kampuni, wakamweleza kwamba kulitengeneza jambo hili kama inavyostahili kungegharimu dola bilioni 1.15, na kwamba dola milioni 240 katika hizo zingekwenda kwa wasafirishaji peke yake, kwa kuwa hawakutaka mteja akae siku nyingi bila ya mashine yake. Kwa mujibu wa Moore, Ballmer hakusita. Alitoa idhini kwa maneno machache. Moore alikuwa na yakini kwamba kama idhini hiyo isingetolewa, jina la Xbox lingekufa.

Baada ya hapo ikaanza kazi ya karakana. Mteja aliyeripoti taa tatu nyekundu alipelekewa boksi tupu lenye vifaa vya kukinga mtikisiko, na gharama ya kulirudisha ikiwa imekwisha kulipwa. Wachezaji, kwa mzaha wa msibani, wakaliita jeneza. Huko Amerika ya Kaskazini maboksi mengi yalielekea McAllen, mji wa Texas ulio mpakani na Meksiko, ambako mashine zilifunguliwa, zikatengenezwa au zikabadilishwa. Nyingi zilirudi zikiwa na bamba la pili la kupozea, lililounganishwa na lile fupi la chipu ya picha kwa mrija wa shaba, ithibati ya kimyakimya kwamba nafasi ya awali haikutosha. Mwishoni mwa 2007 zikaja bodi mpya zilizopewa jina la Falcon, zenye chipu ya hesabu iliyopunguzwa ukubwa na joto. Mwishoni mwa 2008 zikaja za Jasper, ambazo chipu yake ya picha nayo ilipunguzwa, na hapo ndipo wengi waliposadiki kwamba maradhi yamepata dawa. Mwezi wa Aprili 2009 kosa jingine lililojulikana kwa namba E74 liliingizwa katika dhamana ile ile ya miaka mitatu. Juni 2010 likatoka umbo jipya jembamba, lenye chipu mbili zilizounganishwa kuwa moja, na taa zake hazikuwa na uwezo wa kuwaka duara jekundu hata kama mashine ingeharibika.

Ukubwa wa msiba huo ulipimwa na watu wa nje. Kampuni ya SquareTrade ya Marekani, iliyokuwa ikiuza dhamana za ziada na kwa hiyo ilikuwa na hesabu za matengenezo ya vyombo vya makampuni yote, ilitangaza Agosti 2009 kwamba katika miaka miwili ya matumizi asilimia 23.7 ya Xbox 360 ilizozidhamini ziliharibika, dhidi ya asilimia 10 ya PlayStation 3 na asilimia 2.7 ya Wii. Baina ya asilimia tatu hadi tano za kauli ya mwanzo na takriban robo nzima ya hesabu hii pana masafa marefu, na masafa hayo ndiyo yaliyowafanya watu wakasirike zaidi kuliko kuharibika kwenyewe. Hata hivyo, ajabu ni kwamba hawakuiacha mashine. Zaidi ya Xbox 360 milioni 84 ziliuzwa mpaka utengenezaji wake uliposimamishwa mwaka 2016, na hapana shaka kwamba uamuzi wa Julai 2007 una sehemu kubwa katika hesabu hiyo.

Isidhaniwe kwamba maradhi ya aina hii yalianza au yaliisha na Microsoft. Mashine ya Nintendo iliyotoka Marekani mwaka 1985 ilikuwa na kishikio cha kaseti kilicholegea upesi, na kizazi kizima cha watoto kilizoea kuzipuliza kaseti kwa mdomo, jambo ambalo Nintendo yenyewe ililikataza. Muundo huo haukubadilishwa mpaka mwaka 1993. PlayStation 3 za mwanzo nazo zilikuwa na taa yao ya manjano ya mauti. Nintendo ilirudi tena katika mizani hiyo kwa padi za Switch ya mwaka 2017, ambazo vijiti vyake huenda vyenyewe bila ya kuguswa. Rais wake, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi Juni 2020, na mwaka 2023, baada ya malalamiko ya vyama vya walaji, ikakubali mbele ya Kamisheni ya Ulaya kuzitengeneza bure padi hizo hata muda wa dhamana ukiwa umepita.

Sheria nayo ilijongea, ingawa kwa mwendo wa taratibu. Marekani ina sheria ya dhamana tangu mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, inayomkataza mwenye kiwanda kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia vipuri au mafundi wake peke yake. Lakini vibandiko vya kumtisha mnunuzi asifungue chombo chake viliendelea kubandikwa kwa miaka mingi kana kwamba sheria hiyo haipo. Aprili 2018 Kamisheni ya Biashara ya nchi hiyo iliyaandikia makampuni sita barua za onyo, na miongoni mwao walikuwamo Microsoft, Sony na Nintendo. Mwaka 2021 wakuu wa hakimiliki wa Marekani waliruhusu kufungua kufuli za programu ili kutengeneza visomeo vya diski vya mashine za michezo. Ni ruhusa ndogo, lakini ni ruhusa ambayo mwenye mashine iliyokufa mwaka 2006 hakuwa nayo.

Mwaka huo huo wa 2021, Microsoft iliuza picha ya ukutani ya zile taa tatu nyekundu, kwa bei ya dola 24.99. Kampuni iliyotumia zaidi ya dola bilioni moja kuifuta alama hiyo sasa iliiuza kama kumbukumbu, na wanunuzi wake walikuwa ni wale wale waliopata kusubiri maboksi.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki, ambako mashine nyingi za namna hii hufika kwa mikono ya wasafiri na wafanyabiashara wadogo, na ambako kijana hufungua kibanda cha michezo kwa mashine mbili au tatu alizozinunua kwa akiba yake yote, historia hii ina mafunzo yasiyohitaji mabilioni. Dhamana haina faida kama hakuna wa kuitimiza karibu nawe. Basi kabla ya kutoa fedha, uliza ni duka gani litakaloipokea mashine ikiharibika, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani, kisha uitunze stakabadhi. Na likitokea la kutokea, usinyamaze kwa kudhani kwamba mkosi ni wako peke yako. Tangazo la Julai 2007 halikuletwa na huruma ya mwenye kiwanda. Lililetwa na wanunuzi ambao kwa mwaka mmoja na nusu waliambiwa kwamba hakuna tatizo, nao wakakataa kukubali.